Jukwaa la Mawe la Chekereni

Majina yao siyaandiki. Mtu wa Kirua Vunjo akisoma hapa atawajua bila jina, na asiyewajua, jina halitamsaidia. Nitawataja kwa kazi zao: mwenyekiti wetu wa kijiji, na mwenye malori wa mjini. Hao wawili. Wapo wengine walionyamaza, ila ukianza kuwahesabu walionyamaza hutamaliza, utafika mpaka kwako.

Mimi nimesoma mpaka darasa la nne. Anayetaka maneno mazuri atafute kwingine.

Ilikuwa miaka ile ya ruksa, mitumba ilipojaa masokoni na kahawa ikawa haimnunulii mtu hata shati. Wanaume wa Kirua waliiacha mibuni ikaota kama msitu, wakashuka kutafuta kazi. Wangu alishuka Tanga, akapata kazi na mke mwingine. Wanawake tukaingia kwenye biashara. Mimi na wifi yangu, dada wa huyo aliyepotelea Tanga, tulikuwa tunashusha ndizi kutoka kihambani, shamba la migomba la nyumbani, mpaka Chekereni, kule chini tambarare kwa watu wa mpunga. Tunauza ndizi, tunanunua mpunga, tunaukoboa mashineni, mchele tunaupeleka Moshi mjini. Wifi alikuwa na mdomo. Mteja akibonyeza ndizi, anamwambia, "Baba, hiyo si shavu la mchumba, nunua au uache."

Usafiri wa kwenda mjini ulikuwa lori. Magunia chini, watu juu ya magunia. Hatukuona ajabu. Lori ndilo lililokuwepo.

Siku ile barabara ilikuwa kavu. Nalisema hilo kwa sababu mwenye malori alikuja kusema baadaye kwamba ulikuwa utelezi. Hapakuwa na utelezi. Dereva wake alikuwa anashindana na lori jingine kuwahi soko, tairi la nyuma likakanyaga ukingo wa mfereji wa maji ya mpunga, ukingo ukakatika. Lori halikuruka wala halikupiga kelele. Lilijilaza ubavu taratibu, kama ng'ombe, na magunia yakatufuata. Nakumbuka nilishangaa kwamba mchele unaweza kuwa mzito namna ile. Wifi alikuwa ameshika kanga yangu. Walipotutoa walinifunika kwa shuka la mtu nisiyemjua, kwa sababu kanga ilikuwa imebaki kwenye ngumi ya wifi. Walishindwa kuifungua ile ngumi. Akazikwa nayo.

Mimi nilivunjika nyonga, na mfupa ukaunga vibaya. Mguu wa kulia unainuka mpaka kwenye kizingiti cha mlango, zaidi ya hapo hauendi, hata umpige mwenyewe. Kupanda lori unakanyaga tairi, unashika ubao, unajivuta. Kwangu mimi lori lilikuwa limekwisha, na lori likiisha mchele umekwisha, na mchele ndio uliokuwa unalisha watoto wangu watatu na mama mkwe. Hilo ndilo lililokuwa mezani. Wengine waliitaka treni kwa maendeleo. Mimi niliitaka ili niingie.

Aliyeleta habari ya treni alikuwa mwenyekiti. Alikuja kunijulia hali na maziwa kwenye kibuyu, akakaa kwenye kigoda, akasema reli si ile pale inapita Chekereni, inabeba saruji na molasi, inapita hivihivi kila baada ya siku mbili tatu. Kwa nini wasifunge mabehewa mawili tu, treni fupi, asubuhi itoke Kahe ipite Chekereni iingie Moshi, jioni irudi? Mtu wa kiwanda cha sukari apande, mama wa mchele apande, mgonjwa apande. Shirika la reli, alisema, haliwezi kuleta behewa mahali ambapo hakuna anayelitaka. Kwa hiyo lazima watu walitake, wote, wa juu na wa chini, na waonekane kwamba wanalitaka.

Nikamwambia mimi si mtu wa kusema mbele za watu.

"Hutasema," akanijibu. "Kusema ni kazi yangu. Wewe utaonyesha mguu."

Nilimwona ni mtu mwema. Mpaka leo naamini siku ile alikuwa mwema, na hilo ndilo linalonichanganya kichwa.

Tukaanza. Watu wa chini hawakutusumbua. Kwenye kambi za shamba la miwa kulikuwa na familia kutoka Tabora, Kigoma, Singida, watu waliokua na treni. Mama mmoja wa Kigoma alicheka, akasema kwao mtoto anaijua honi ya treni kabla hajaijua sauti ya baba yake, sisi tunaulizana nini. Wa Chekereni nao walikubali, ingawa mmoja alisema nyie wa mlimani mkishuka huku mnataka kila kitu, mashamba mnataka, maji mnataka, sasa mnataka na reli.

Kazi ilikuwa mlimani. Watu wa Kirua walikuwa hawaoni treni inawahusu nini. Tulizunguka jumuiya kwa jumuiya, tukaingia mpaka kwenye vilabu vya mbege, pombe yetu ya ndizi. Mzee mmoja alimsikiliza mwenyekiti mpaka mwisho, akashusha kata yake, akauliza kama hiyo treni inapanda mlima.

"Haipandi, baba."

"Basi siku ikipanda mnikute hapahapa, nitaipokea."

Klabu nzima ikacheka. Mama mwingine akasema ndizi haijui saa, ikiiva imeiva, yeye hawezi kukaa na ndizi inayosubiri filimbi. Mwenyekiti alitumia maneno yote aliyokuwa nayo, maendeleo, soko huria, wawekezaji. Watu walimtazama kama wanavyomtazama mchungaji wa dhehebu jingine.

Jumapili moja, baada ya misa, nje ya kigango, katekista alimpa nafasi ya matangazo. Watu wakaanza kuondoka akiwa bado anaongea. Mimi nilikuwa nimekaa kwenye jiwe pembeni na fimbo yangu. Sijui kilichoniingia. Nilisimama, nikapandisha kanga mpaka pajani, mbele ya wanaume, mbele ya katekista, mchana kweupe. Watu wakasimama walipo. Kovu langu si zuri. Mfupa ulitokea nje, na walioshona walishona kwa haraka.

Akaja bibi mmoja, mfupi, akainama, akagusa kovu kwa kidole kama anavyogusa mtu chuma kuona kama bado cha moto.

"Ulitokea hapa?"

"Hapa, mama."

Kisha akasema, si kwa sauti kubwa, "Binti yangu yuko juu ya lori sasa hivi."

Hapo ndipo mlima ulipoanza kuitaka treni. Karibu kila nyumba ilikuwa na mtu juu ya lori. Hawakuwa wamefikiria hivyo, basi. Tulikwenda Jumapili nyingine kigango kingine, na nyingine, na mimi nikawa napandisha kanga kama mtu anayefungua duka. Aibu iliisha. Watu waliokuwa wakicheka klabuni wakaanza kuulizana treni inaanza lini. Wale wenye mashamba ya mahindi tambarare wakasema wakati wa mavuno itawafaa na wao. Nilishangaa jinsi jambo linavyoweza kushika, kama moto wa majani makavu. Wiki moja unachekwa, wiki nyingine mtu usiyemjua anakusimamisha njiani kukwambia wewe mama, tuko pamoja.

Ikabaki kumfikia stesheni masta mjini. Mama mkwe wangu ndiye aliyesema tusiende mikono mitupu. Alikuwa mama aliyemzaa wifi, na tangu msiba alikuwa anaongea kwa nadra. Akaenda mpakani mwa kihamba, akakata kichwa cha isale, akalifunga jani lake fundo.

Kwa asiyejua: isale ni jani refu la kijani, tunalipanda kwenye mipaka na kwenye makaburi. Likifungwa fundo likaletwa kwako, umeombwa ombi la mwisho. Mtu aliyeua anaweza kutuma isale akasamehewa. Aliyelipokea amekubali, hakuna kurudi nyuma. Na aliyelituma naye amefungwa: haulizi tena. Ukiuliza mara ya pili ni kama kumwambia mwenzako kwamba neno lake ni takataka. Hayo hayafundishwi na mtu, unazaliwa unayakuta.

Tulikwenda watu sita, wanawake wanne, mwenyekiti, na mzee mmoja wa kambi ya miwa. Stesheni masta alikuwa mtu wa bara, si Mchagga, mrefu, shati lake jeupe limepigwa pasi. Tulimwamkia shikamoo ingawa hakuwa mzee, akatuletea mabenchi. Mwenyekiti akaeleza habari ya treni fupi, akaeleza vizuri kweli. Kisha mama mkwe akasimama. Kiswahili chake kilikuwa cha sokoni tu, kwa hiyo alisema kwa Kichagga, maneno machache, kwamba mwanangu amelala kwenye mfereji, nimekuletea hili kwa ajili ya waliobaki. Mwenyekiti akageuka, akamtafsiria stesheni masta karibu na sikio. Sisi wengine hatukusikia.

Stesheni masta alisimama, akalipokea kwa mikono miwili. Mikono miwili, akainamisha kichwa.

"Asanteni sana, mama. Nimepokea."

Nilimwona mama mkwe akifumba macho. Tukatoka nje. Mwenyekiti alibaki ndani kidogo, na alipotoka tulimtazama usoni, akasema, "Mmesikia wenyewe. Amepokea."

Hilo tu. Nimelirudia neno hilo mara nyingi kichwani, nikitafuta uongo uko wapi. Hakuna uongo ndani yake. Ndiyo maana namwogopa mtu yule kuliko mwizi.

Basi tukajenga. Mtu aliyekubaliwa treni hangoji akiwa amekaa. Chekereni hapakuwa na kituo, ni reli tu na nyasi, na behewa linakuwa juu; bila jukwaa hata mzima anajivuta. Mwenyekiti akaita msaragambo. Sijawahi kuona watu wengi namna ile wakifanya kazi isiyo na mshahara. Watu wa mlimani, wale wasiokuwa na haja na treni, walishuka na mawe kutoka mtoni, mengine vichwani. Wanawake wa mpunga walibeba udongo. Wanaume wa shamba la miwa walikuja baada ya zamu, wakiwa bado na masizi usoni, wakapanga mawe mpaka jua linazama. Mama wa Kigoma alituimbia nyimbo zao, tukaitikia bila kujua maana.

Kimo cha jukwaa kilipimwa kwa mguu wangu. Mwenyekiti aliniita mbele ya watu wote, akaniambia niinue mpaka ninapoweza. Fundi akaweka ubao, akahesabu kutoka sakafu ya behewa kushuka, akachora alama kwenye mti. Watu wakapiga makofi. Nilitembea kwenye mteremko wa udongo wa kupandia jukwaani wakiwa hawajaukamilisha, nikasimama juu, nikatazama reli chini yangu. Nilijiona nimekaa dirishani tayari, na magunia yangu miguuni.

Jambo moja ambalo sikulielewa, mwenyekiti alitaka upande wa nyuma wa jukwaa, usio wa reli, nao ujengwe wima, mawe yasimame kama ukuta, na njia ifyekwe mpaka pale. Alisema ni kwa ajili ya magari ya kuleta wagonjwa. Tukafyeka. Nani angebisha habari za wagonjwa?

Tukangoja. Treni ya mizigo ilikuwa inapita, dereva anapiga honi, watu wanampungia mikono, naye anapunga. Tukapanda, tukapalilia, tukavuna. Nilikuwa nauza nguo zangu za sanduku moja moja. Watu wakaanza kunong'ona, na kila anayenong'ona mbele ya mwenyekiti alijibiwa jibu moja. Isale limepokelewa. Nani kati yenu anataka kwenda kumwuliza mtu mara ya pili? Wanaume wazima wakaangalia chini. Hakuna aliyekwenda. Ungetuahidi kwa barua yenye mihuri mitatu tungekwenda kukusumbua kila wiki. Lakini ilikuwa isale.

Siku moja gari la parokia lilinichukua kwenda hospitali kuangaliwa nyonga. Tulipomaliza mapema nikamwomba dereva anipitishe stesheni. Sikwenda kuuliza. Nilijiapia njia nzima kwamba nakwenda kusalimia tu.

Stesheni palikuwa kimya kiasi kwamba nilisikia fimbo yangu kwenye saruji. Dirisha la tiketi limefungwa kwa ubao. Stesheni masta alinikumbuka, akaja mwenyewe kunishika mkono, akaniingiza ofisini. Nikaliona. Lilikuwa dirishani kwenye kopo la mafuta ya kula, limepandwa kwenye udongo, limeota majani mapya mawili. Fundo lilikuwa limefunguliwa.

Aliona ninavyotazama, akafurahi. Akaniambia, "Ua lenu limeshika, mama. Nalimwagilia mwenyewe."

Nilikaa kwenye benchi. Nilikuwa najua tayari, lakini mtu hujua na bado haamini.

Nikamwuliza, "Ulipolipokea, baba, uliambiwa ni nini?"

Akasema mwenyekiti alimwambia ni ua la kumkaribisha mgeni, desturi ya kwetu, apokee kwa mikono miwili mama mzee afurahi. Akaanza kuingiwa na wasiwasi. Akaniuliza kwani si hivyo? Nikamwuliza treni itaanza lini.

"Treni gani, mama?"

Maneno hayo ninayasikia hata nikiwa naosha vyombo. Treni gani, mama. Aliyasema kwa upole. Akaeleza kwamba abiria wanapunguzwa, hawaongezwi, shirika lote liko njiani kupewa wenye fedha, na yeye hajui mwakani atakuwa wapi. Na hayo, akasema, alimwambia mwenyekiti wetu siku ileile, tulipokuwa tumetoka nje. Alimwambia mabehewa hayatakuja, asiwatie watu matumaini. Mwenyekiti akamjibu asijali, atatueleza mwenyewe kwa lugha yetu.

Siku ileile. Kabla ya jiwe la kwanza.

Sikulia. Nilikuwa nahesabu mawe. Nilikuwa naona vichwa vya wale wanawake, ngata juu ya vichwa, jiwe juu ya ngata, wakishuka kutoka Kirua kwa miguu, na yeye amesimama kando anawashukuru kwa Kichagga, aika, aika sana. Anajua. Stesheni masta aliniletea soda, nikaishika mpaka ikapata moto, nikamrudishia.

Nilimwomba dereva wa parokia arudi kwa njia ya Chekereni. Nilitaka kuliona jukwaa, sijui kwa nini, labda nione kama lipo. Lilikuwepo. Na lori lilikuwa linarudi kinyumenyume kuelekea ule ukuta wa nyuma, kwenye njia tuliyofyeka. Bluu, na mstari mweupe ubavuni. Malori ya rangi ile yalikuwa ya mtu mmoja tu mjini, na moja lilikuwa limelala juu ya wifi yangu. Mwenyekiti alikuwa juu ya jukwaa anamwongoza dereva kwa mkono. Rudi, rudi, rudi, hapo. Sakafu ya lori ikagusa mawe, na vijana wakaanza kuingiza magunia bila hata kuinama.

Nilishuka garini. Nilipanda ule mteremko nikasimama mbele yake.

"Mwenyekiti, treni iko wapi?"

"Mama, umesimama kwenye njia ya mzigo."

"Nimetoka stesheni. Ulimwambia ni ua."

Vijana wakasimama na magunia migongoni. Hakukana. Nilitegemea akane, nilikuwa nimejiandaa kwa kukana.

"Sasa ningemwambia nini?" akasema. "Mtu wa bara, isale atalijulia wapi? Ningemweleza, angekataa kulipokea. Mama yako angerudi nalo mkononi mpaka nyumbani. Ungependa hivyo?"

"Ungetuambia."

"Ningewaambia, kila mtu angerudi kihambani kwake kulala. Mimi nimewaachia kitu. Tazama mnapakia wapi leo. Zamani mlikuwa mnapakia wapi?"

"Na hili gari ni la nani?"

Akatazama pembeni kidogo tu. "Letu. Mimi na yule bwana."

Yule bwana. Mtu aliyesema barabara ilikuwa na utelezi. Nilitaka kumpiga kwa fimbo, lakini nikiiinua fimbo ninaanguka, naye alilijua hilo kama nilivyolijua mimi.

Nilirudi kwenye vigango vilevile. Safari hii sikupandisha kanga, nilisema kwa mdomo. Nilisema kila kitu, ua, siku ileile, lori. Nilidhani mlima utawaka kama ulivyowaka mara ya kwanza. Watu walisikiliza. Wakaangalia viatu vyao. Mmoja akasema jambo baya, baya kweli, lakini ndiyo limeshatokea. Mwingine akasema kusema kweli kupakia kumekuwa rahisi. Yule bibi mfupi, mama wa yule binti wa juu ya lori, akaniambia binti yake sasa analipa nauli nusu, mwenyekiti amewapunguzia wote waliobeba mawe. Akasema hivyo kwa aibu, lakini alisema. Watu walewale. Walioshuka na mawe vichwani kwa ajili ya treni walikuwa wamepewa lori, wakalipokea. Mimi nilishtuka kwa hilo kuliko kwa mwenyekiti. Mwenyekiti ni mmoja.

Lakini maneno yangu yalimchoma, kwa maana alikuwa anautaka udiwani. Kwa hiyo akatuma isale.

Hakuja mwenyewe. Alilipitisha kwa mama mkwe wangu, mchana, nikiwa namenya ndizi za mtori jikoni. Mama mkwe aliingia akiwa amelishika, limefungwa fundo zuri, akalinyoosha kwangu. Kwa Kichagga akaniambia mwenyekiti amekosa, anaomba tumalize.

"Sipokei, mama."

Alidhani sijasikia. Akarudia.

"Nimesikia. Sipokei."

Mama mkwe akakaa chini kwenye kigoda. Uso wake ulikuwa wa mtu aliyeona nyumba inaanguka. Katika maisha yake yote hakuwahi kuona isale likikataliwa, wala mimi sikuwahi.

"Nimelileta kwa mikono yangu," akasema. "Unanirudisha nalo njiani?"

"Aliyekufa ni nani, mama? Si mwanao?"

"Ni mwanangu." Akaliweka jani magotini. "Na langu, alilonitumia mimi, nimeshapokea. Juzi. Mimi niliyemzaa. Wewe uliyeolewa tu hapa, ni nani wa kukataa?"

Kisu kilikuwa bado mkononi mwangu na utomvu wa ndizi umenigandia vidoleni. Sikuwa najua kwamba ameshapokea. Alikuwa amekaa na jambo hilo tangu juzi tukila chungu kimoja.

"Mimi ndiye niliyefunikwa shuka la watu," nikamwambia. "Mwambie hivyo."

Akatoka nalo. Hakurudi kuniambia kitu, na hatukuongea vizuri tena mpaka alipofariki.

Habari ilienea kabla ya jioni. Mwenyekiti alikuwa ametudanganya kijiji kizima, watu wakasema limeshatokea. Mimi nikakataa jani, nikawa mwanamke wa kuogopwa. Waliokuwa wakiniuzia ndizi, nilizokuwa nachuuza hapohapo kijijini, waliacha, mmoja baada ya mwingine, bila ugomvi. Nikifika, ndizi zimeshachukuliwa. Nikisalimia, naitikiwa na mgongo. Kwenye jumuiya nilipokaa benchi, benchi lilibaki langu. Walisema mkono uliokataa isale hauletwi karibu na mimba wala mbegu. Mwanangu wa kwanza aliniuliza kwa nini hatualikwi tena kwenye kipaimara cha mtu.

Bila ndizi nilibakiwa na kitu kimoja ninachokijua. Nilimwomba mama wa Kigoma, yeye hakuwa na habari na masale yetu, akaninunulia mpunga wa msimu ule kwa jina lake. Nikaukoboa. Ukatoka magunia mawili. Mchele unauzwa Moshi mjini, haujiuzi wenyewe Chekereni.

Asubuhi ile nilifika pale kwenye jukwaa nimejifunga kibwebwe. Lori la bluu lilikuwa limeshaegeshwa. Utingo akapakia magunia yangu, kisha akanitazama mguu, akawa hajui aniinue kwapani au vipi. Nikamwambia aniache. Nikatembea mpaka ukingoni, nikauinua mguu wa kulia, ukaingia ndani ya lori. Haukugusa hata ubao. Kile kimo kilikuwa changu, fundi alikipima vizuri.

Mwenyekiti alikuwa mbele karibu na dereva. Aliniona, akazunguka mpaka nyuma, akamwambia utingo bila kunitazama, "Huyo mama asidaiwe."

"Nadaiwa kama mtu mwingine yeyote," nikasema, nikamtolea utingo nauli nzima, siyo nusu.

Wanawake wakasogea, nikakaa katikati, na lori likaanza kutembea. Kando yangu alikuwa mama mgeni, mkulima wa mpunga wa upande wa Kahe, hakuwa ananijua. Nikaanza kumweleza. Nilimwonyesha kisogo cha yule mtu kwenye kioo cha nyuma ya dereva, nikamwambia ni mwenyekiti wetu, alifanya hivi na hivi, na mwenzake ndiye mwenye gari hili, na gari lake lilifanya hivi. Nilimweleza mpaka tukaupita mfereji, nikaendelea. Alisikiliza mdomo wazi. Tulipokaribia mjini akaniuliza, na hakuwa na nia mbaya:

"Sasa dada, na yote hayo, mbona umepanda?"

Nikamwonyesha magunia aliyokalia. Nikamwambia hayo mawili ni yangu.